Nusu ya Uwanja Isiyofagiliwa

Ndugu yangu Dismasi ana ugonjwa mmoja tu, na hospitali hawautibu: hawezi kumkatalia mtu. Mimi ni dada yake, Agnesi, tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo nasema ninachokijua. Ukimwomba shati lake atakuvulia, kisha atakaa kifua wazi akidai kuna joto. Watu wanauita upole. Mimi nauita aibu. Anaona aibu kusema hapana, anaona aibu mtu akinuna mbele yake, anaona aibu kuonekana anajua kuliko mkubwa wake. Aibu hiyo ndiyo iliyomtafuna maisha yake, na mimi nimekaa pembeni nikitazama, meno nimeyauma.

Alianza na useremala hapa hapa Buzebazeba. Mikono anayo, sitamdhulumu. Mlango wake unafunga bila kusukumwa na goti. Lakini akija mteja akasema, "Fundi, wangu uwe wa kwanza," yeye anaitikia, "Sawa, mzee wangu." Akija mwingine na maneno hayo hayo, "Sawa, mama." Mwishowe kila mlango ukawa wa kwanza, yote imeishia kwenye fremu, na Dismasi anazunguka njia ya nyuma kwenda kanisani ili asikutane na mwenye mlango. Akakimbilia Kibirizi kutengeneza mitumbwi. Huko mzee mmoja mwenye mtumbwi akamwamuru apigilie mbao mbichi. Dismasi alijua kabisa kwamba zikikauka zitaachana. Nilimuuliza baadaye, "Sasa mbona hukumwambia?" Akanijibu, "Dada, mzee yule ana mvi." Mtumbwi ukanywa maji, na lawama zote zikamwangukia aliyeshika nyundo.

Basi mtaa ukampa jina: Nusu. Dismasi Nusu. Hata watoto walimwita hivyo, naye anacheka nao. Mimi sikucheka. Nina genge la dagaa na mawese pale njiani, na nimeshamfukuza mteja kwa sababu ya jina hilo. Alikuwa ameshapimiwa mafuta, nikayarudisha ndooni.

Ndipo ikaja kazi ya udongo. Mtacheka, na mimi nilicheka kabla yenu. Alikuja mtu wa chuo kikuu, Daktari Bonaventura, si daktari wa sindano, ni msomi wa ardhi. Akazunguka mitaani akitafuta viwanja visivyo na kivuli hata kidogo tangu asubuhi mpaka jioni. Akapata kimoja Rusimbi na kingine hapa kwetu, mbele ya nyumba ya Dismasi, ambako mimi naishi chumba cha uani tangu mume wangu afariki. Nikamuuliza, "Daktari, unatafuta nini kwenye vumbi letu?" Akacheka, akanieleza kama anavyoelezwa mtu mzima. Jua likiipiga ardhi, akasema, sehemu yake inamezwa na sehemu inarudishwa juu. Udongo ulioloa unameza sana, mkavu unarudisha. Uliofagiliwa ukawa laini unarudisha kwa namna yake, na ule ulioachwa na gamba lake la mvua una namna yake. Setilaiti zinaona hayo kutoka juu, lakini zinabahatisha, mpaka awepo mtu wa chini anayepima udongo wenyewe na kusema ndivyo au sivyo.

"Na mtu huyo ni Dismasi?" nikauliza.

"Akikubali," akasema Daktari. Nikajisemea moyoni, huyu mgeni hajui kwamba Dismasi hukubali kila kitu.

Uwanja ukagawanywa nusu kwa nusu. Nusu moja iendelee kufagiliwa kila asubuhi, kama anavyofagia mwanamke yeyote mwenye kujiheshimu. Nusu nyingine, ile iliyo mbele ya mlango hasa, izungushiwe vigingi na kamba, na kuanzia mvua ya mwisho ya masika isiguswe. Isikanyagwe, isifagiliwe, isimwagiwe maji. Jani likidondoka, liache. Gamba lile jembamba lililoachwa na mvua likae hivyo hivyo kiangazi kizima, mpaka Daktari arudi Septemba na kifaa chake kikubwa, apime siku moja na Dismasi juu ya udongo ule ule. Vipimo vikikubaliana, namba zote za Dismasi zitakuwa na mashiko. Udongo ukiharibika kabla ya siku hiyo, namba za kiangazi chote hazina cha kuhakikiwa nacho. Daktari alilisema hilo waziwazi, na akaongeza kwamba kazi ikifika mwisho salama, Dismasi ndiye atakayesimamia viwanja vingine mpaka kule Ujiji.

Kifaa alichoachiwa Dismasi kilikuwa mti wa chuma wenye mkono mrefu, na mwishoni mwa mkono vioo viwili vya mviringo. Kimoja kinatazama mbinguni kuona jua linaloshuka, kingine kinatazama chini kuona linalorudi. Dismasi anakifuta kwa kitambaa laini, anaangalia kipovu cha pima maji kama mkono umelala sawasawa, kisha anarudi nyuma ili kivuli chake kisiingie. Na alivaa nguo nyeusi tupu, kwa sababu shati jeupe nalo linarudisha mwanga na kukidanganya kifaa. Jirani yetu Mzee Hamdani alipomwona siku za mwanzo kavaa nyeusi mchana kutwa, akaja na kofia mkononi. "Poleni na msiba, Agnesi." Nikamwambia hakuna msiba. Kesho yake akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama tunamficha maiti.

Nawaambia ukweli, sijawahi kumwona ndugu yangu hivyo. Udongo haumwambii "wangu uwe wa kwanza." Udongo hauna mvi. Alitoka kila mchana, akapima, akaandika, akatuma kwa simu. Alipougua malaria alitoka amejifunga blanketi jeusi, anatetemeka, akapima. Juni ikapita, Julai ikapita. Watoto wakasahau kumwita Nusu. Siku moja akaniambia, "Dada, hii nitaimaliza." Nikajifanya nachambua dagaa, maana machozi yalikuwa yananijia.

Lakini kiangazi hicho mwenye kubeba aibu alikuwa mwingine. Alikuwa Ella, wifi yangu.

Hebu fikiria. Mwanamke ana mtoto mchanga, Scola, na mbele ya mlango wake kuna nusu ya uwanja inayong'aa kwa usafi, na nusu ya pili ina majani makavu, vijiti, manyoya ya kuku, maganda ya miwa yaliyopeperushwa na upepo. Mpita njia haoni sayansi. Anaona mwanamke aliyefagia akachoka katikati. "Mama Scola, ufagio umekatika?" "Mama Scola, mgongo pole." Wengine hawakusema kitu, walipunguza mwendo tu wakatazama. Ella alieleza wiki za mwanzo, kisha akaacha kueleza. Na kulikuwa na jingine, ambalo hakuna aliyelitamka ila sote tulilijua. Ella ni mtoto wa watu wa Burundi, waliokimbia zamani wakapewa makazi kule Mishamo, na uraia wakapata, lakini mdomo wa mtu haupigwi mhuri. Nilimkuta siku moja jikoni analia. "Wifi," akaniambia, "wanasema ndivyo tulivyozoea kambini." Nilitaka kujua ni nani aliyesema. Akakataa kunitajia, na alifanya vizuri.

Sasa, ilipobaki siku moja Daktari afike, akashuka mama yake Ella.

Mama Ndayikeza alikuwa hajamwona mjukuu. Alipanda basi kutoka Mishamo bila kutoa taarifa, akatufikia jioni na mfuko wa maharage, kuku miguu imefungwa, na vitenge vya mtoto. Tukampokea kwa vifijo. Dismasi naye alimwamkia kama mkwe anavyomwamkia mkwe: kwa mbali, macho chini, mkono kifuani, "Shikamoo Mama," kisha akapotelea nyuma ya nyumba. Kwetu na kwao ni hivyo hivyo. Mkwe humpi mkono, huketi naye meza moja, na kumwambia "usifanye hiki" ni heri ulimi ukatike. Kwa hiyo alimwita Ella kando, akamwambia, "Tafadhali, mweleze Mama kuhusu ule udongo." Ella akaeleza. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. "Mama, pale penye kamba hapafagiliwi. Ni kazi ya Baba Scola, wanapima jua. Kesho wanakuja wakubwa wake." Mama Ndayikeza akamtazama binti yake kwa muda, akamtazama mtoto mgongoni, akasema, "Ego," yaani ndiyo, "nimesikia." Tukala, tukalala.

Asubuhi Dismasi aliondoka mapema kwenda stendi kuwapokea wageni. Ella akamfunga Scola mgongoni, akashuka mwaloni kwa wavuvi kutafuta migebuka mibichi, maana wageni wa chuo huwezi kuwapa dagaa. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba namenya ndizi. Nikasikia ufagio. Sauti ya ufagio asubuhi ni kitu cha kawaida, sikushtuka. Nikamenya ndizi nyingine. Halafu nikakumbuka kwamba Ella ametoka.

Nilikimbia na kisu mkononi. Mungu wangu! Mama Ndayikeza alikuwa ameng'oa vigingi, amezikunja kamba vizuri akaziweka barazani. Alikuwa amenyunyiza maji ili vumbi lisiruke, akafagia kuanzia mlangoni mpaka njiani, na sasa alikuwa anamalizia kwa ile mistari ya kupinda inayochorwa na mtu anayejua kufagia. Gamba lilikuwa limekwenda. Miezi yote ile ilikuwa kirundo cha takataka karibu na mguu wake. Udongo umeloa, mweusi, unanukia.

"Mama! Umefanya nini?"

Akainuka, mkono kiunoni, jasho linamtoka, anatabasamu. "Nimemalizia pale alipoishia mtoto wangu."

"Si uliambiwa jana? Si Ella alikuambia?"

"Aliniambia." Akaweka ufagio chini. "Agnesi, mwana wanje, mimi ni mama. Mtoto wangu ana kichanga, halali, hana nguvu. Ameona haya kuniambia ameshindwa uwanja, akatunga habari ya jua. Mtu apime jua kwenye uchafu? Nikanyamaza nisimwaibishe. Lakini wageni wakubwa waje waone hivi, mbele ya mlango? Waseme mke wa huyu ametoka wapi?"

Hasira zangu mnazijua. Nilikuwa na neno mdomoni, kali, lingemchoma mpaka leo. Lakini yeye aliendelea kusema, polepole, anatazama ile mistari yake. Akasema walipofika nchi hii yeye ni mtoto mdogo, kulikuja watu kukagua walipowekwa, na mmoja akaziba pua akasema hawa hawajui ufagio. Mama yake mzazi alisikia. Tangu siku hiyo, akasema, hakuna alfajiri iliyowakuta uwanja wao haujafagiliwa, hata siku ya kumzika baba yake, walifagia kwanza ndipo wakalia. "Ella nimemlea hivyo. Jana nilipoona pale, sikulala. Nilijiuliza, nimemwoza mtoto kwa watu, au nimemtupa?"

Sasa mtu kama huyo unamwambia nini? Nilikuwa ndio nafungua mdomo nimweleze, taratibu, kwamba habari ya jua ni ya kweli, gari likapiga honi njiani. Mama Ndayikeza alipoona mkwe wake yumo garini akaingia ndani haraka kama ilivyo desturi, akaketi chumba cha mbele, nyuma ya pazia la dirisha. Dirisha lile halina kioo, lina nondo na pazia tu.

Dismasi alishuka wa kwanza. Alikuwa ameshavaa nyeusi zake, anacheka, anamfungulia Daktari mlango. Kisha akaona. Sijui niseme vipi. Hakupiga kelele, hakushika kichwa. Kicheko kilibaki mdomoni kwa sekunde moja kikiwa hakina mwenyewe. Akaangalia mistari ya ufagio, na nadhani alijua hapo hapo kwamba si ya Ella, maana Ella hupiga yake mifupi. Akatazama pazia. Akatazama chini.

Ella naye alikuwa anapanda kutoka mwaloni na beseni la samaki. Akasimama njiani.

"Dismasi," akasema Daktari Bonaventura, "hapa pamefanyika nini?"

Dismasi akaziangalia kamba zilizokunjwa barazani.

"Nani amefagia?"

Nilimwona Ella anaweka beseni chini. Anataka kusema "mimi," niliona midomo. Na mimi nilikuwa tayari kusema kweli yote, liwalo na liwe. Lakini Dismasi alituwahi.

"Mimi, Daktari."

"Wewe?"

"Mimi. Nilitaka wageni mkute pasafi. Nilipitiwa."

Daktari alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema amesafiri siku mbili kwa ajili ya kipande kile cha ardhi. Alisema mtu hapitiwi na kitu alichokilinda miezi yote hiyo. Majirani walishaanza kujikusanya, Mzee Hamdani na kofia yake, wanawake wa bombani na ndoo zao. Mmoja akanong'ona lile jina. Dismasi alisimama katikati ya uwanja ule safi, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Niliona aibu, jamani. Niliona aibu ya kuwa damu yake, na niliona aibu ya kuona aibu.

Halafu Daktari akashusha pumzi. Akainama, akashika udongo uliolowa, akausugua kwa vidole. "Basi," akasema, na sauti ikalegea. "Udongo umekwenda, hauna la kurudi. Lakini nitakwambia kitu. Ungeweza kusema ni kuku. Ungeweza kusema ni watoto wa jirani, nisingejua. Umesimama mbele ya watu ukasema ni wewe. Mtu wa namna hiyo hawezi kunipikia namba. Nitazichukua namba zako za kiangazi kama zilivyo, kwa neno lako, na nitazisimamia kwa wenzangu."

Ella akajishika kifua. Mimi nikahema kama nimetolewa ndani ya maji. Dismasi hakuinua macho, ila mabega yalishuka kidogo. Nikajisemea, ameponea chupuchupu. Amemaliza.

Ndipo pazia likasogea, na Mama Ndayikeza akatoka.

Alikuwa amejifunika kitenge kichwani mpaka kwenye paji la uso. Alipita ukutani, mbali na mkwe wake, asimsogelee. Akasimama mbele ya Daktari, akapiga goti kidogo. Alikuwa amesikia kila neno, na sasa alikuwa ameelewa kwamba habari ya jua ilikuwa kweli.

"Baba," akasema, "ufagio ulikuwa wangu. Huyu bwana hakushika ufagio. Alikuwa stendi anawangoja ninyi. Waliniambia nisiguse, mimi sikuamini. Usimpe adhabu. Adhabu ni yangu."

Alifikiri anamwokoa. Masikini, alidhani bado kuna adhabu ya kumwondolea. Maneno ya mwisho ya Daktari hayakumfikia vizuri, au yalimfikia na hakujua uzito wake.

Daktari akamgeukia Dismasi. "Ni kweli?"

Mnaona mtego ule? Akisema ndiyo, yeye ni mwongo. Akisema hapana, amemfanya mkwe wake mwongo mbele ya mtaa mzima. Ndugu yangu hakusema ndiyo wala hapana.

"Mama huyu angenyamaza," Daktari akasema, na hakuwa anafoka, heri angefoka, "ningeondoka hapa na namba zako zote. Sasa niambie mwenyewe, Dismasi, nitajuaje? Siku mgeni alipokuweka mazungumzoni mchana ukaona haya kumwacha, ulipima? Siku ya homa, uliandika ulichokiona, au uliandika cha kuniridhisha mimi?"

"Namba ni za kweli, Daktari. Naapa."

"Na lile neno 'nilipitiwa', nalo lilikuwa kweli?"

Namba zile ni za kweli, nawaambia mimi niliyemwona na blanketi. Nilisema hivyo, nilipaza sauti, nilisema Daktari usifanye hivyo, mimi ni shahidi. Akanitazama kwa huruma. "Dada, wewe ni ndugu yake."

Wakafungua kifaa kwenye mti wake, wakavifunga vioo kwa sponji, wakakitia ndani ya sanduku. Dismasi mwenyewe ndiye aliyewasaidia kubeba, kwa sababu ni Dismasi. Akawafungulia mlango wa gari. Wakaenda Rusimbi, ambako udongo ulikuwa bado na gamba lake. Majirani wakatawanyika bila kuagana. Migebuka ikabaki kwenye beseni, Ella hakuwa na mkono wa kuipaa, akakaa kizingitini ananyonyesha huku machozi yanamdondokea mtoto.

Mama Ndayikeza aliingia chumbani. Nilisikia anafunga mfuko wake. Nikamfuata, nikamwambia Mama, hata hujakaa, jua kali, basi la saa hizi halipo. Akatikisa kichwa. "Oya," akasema. "Nilikuja kumtoa mtoto wangu aibu. Tazama nilichokileta." Hakulia. Alikuwa anakunja kitenge kimoja, anakikunjua, anakikunja tena.

Nikatoka nje. Dismasi alikuwa amesimama chini ya dirisha, upande wa kivuli, mkono mmoja ukutani. Alijua mama mkwe yupo nyuma ya pazia na alisikia mfuko unafungwa. Hawezi kusema naye. Hivyo akasema na mimi, ingawa nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, akapaza sauti kama niko bombani.

"Dada! Mwambie Mama asiondoke. Mwambie asijisumbue kwa lile. Uwanja ulikuwa mchafu kweli. Hata mimi nilikuwa naona aibu kupita pale. Amefanya vizuri kufagia."

Nilimtazama ndugu yangu. Kila asubuhi ya kiangazi kile alitoka kwanza kuliangalia gamba lile kabla hajanawa uso. Na sasa analiita uchafu, uso mkavu kabisa, ili mwanamke mmoja asiondoke na uchungu.

Ndani, mfuko ukanyamaza. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya taratibu, nayo pia ikiniambia mimi, kama desturi inavyotaka.

"Agnesi, mwambie Baba Scola hivi. Wale wageni amewadanganya kwa ajili yangu, na nimeona lililompata. Mwambie mimi asinidanganye."

Sikupeleka ujumbe wowote. Alikuwa hapo hapo chini ya dirisha, na alikuwa amesikia.